"Confused" si "kuchanganyikiwa" kila mahali: tuyapambanue maneno ya Kiingereza ya kutatizika, kupotea na kuduwaa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiingereza kuja Kiswahili, na mengi ninayoletewa ni maandishi ya afya na ya mafunzo. Kuna kosa nililolifanya karibuni ambalo bado linaniuma, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nilipewa karatasi ya maelezo ya dawa. Kwenye orodha ya madhara kulikuwa na neno moja limesimama peke yake: "confusion". Nikaandika "kuchanganyikiwa" bila kufikiri mara mbili, nikasonga mbele. Kabla ya kukabidhi kazi huwa namsomea mtu asiye wa fani, anisikilize tu. Safari hii nilimsomea mzee mmoja ambaye naye anatumia dawa za aina hiyo. Nilipofika pale akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo hii dawa inaleta wazimu?"

Nikamwambia hapana mzee, haileti. Akasema: "Wewe mwenyewe umesoma kuchanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa si ndiye anayeokota makopo?"

Sikuwa na jibu. Mzee alikuwa amesikia Kiswahili sawasawa, aliyekosea ni mimi. Aliyeandika kwa Kiingereza alikusudia kwamba mtumiaji anaweza kwa muda asijue yuko wapi, asijue ni saa ngapi, au ashindwe kufuata anachoambiwa. Mimi nikampelekea msomaji kitisho cha kurukwa na akili. Mtu akiisoma karatasi ile akiwa peke yake ataacha dawa, na hatamwambia mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapanga maneno ya Kiingereza ya jamii hii. Hoja yangu ni hii: "kuchanganyikiwa" tumeligeuza gunia, kila kitu tunatupia humo, wakati Kiswahili kina vyombo vingine vya kutosha. Na njia niliyoona inafaa ni kutazama picha iliyomo ndani ya kila neno, kisha kutafuta sisi picha hiyo tumeiweka wapi.

Nianze na "confused" lenyewe. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini "confundere", yaani kumimina pamoja. Mzizi huo huo wa kumimina umo kwenye "foundry", mahali pa kuyeyushia chuma na kukimimina, na kwenye "transfusion", kuongezewa damu. Basi picha ni ya vimiminika viwili vilivyotiwa chombo kimoja, huwezi tena kuonyesha kipi kinaishia wapi. Kiswahili kilifika mahali palepale kwa miguu yake: changanya, changanyika, changanyikiwa. Hebu tazameni hiyo -i- ya kutendea na -w- ya kutendwa mwishoni. Mambo ndiyo yaliyochanganyika, na yamemchanganyikia mtu. Kisarufi mtu hana ugonjwa wowote, ameyakuta tu. Ni matumizi ya watu ndiyo yaliyolibebesha neno habari ya wazimu, na mzigo huo sasa upo, hatuwezi kujifanya hatuuoni.

Linalonifurahisha kuliko yote ni "perplexed". Kilatini chake ni "perplexus", kilichosokotana, na ndani yake mna kitenzi cha kusuka. Sasa chukua uzi, uviringe ovyo, uuache mfukoni siku mbili. Ukiutoa umetatana. Hiyo "tata" ndiyo iliyotupa tatiza, tatizo, tatanisha, utata. Na dawa yake imo humo humo: tatua, kwa ile -ua inayofungua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Tunaposema "kutatua tatizo" tunachora picha moja mwanzo mpaka mwisho, mtu amekaa na uzi uliosokotana anatafuta ncha. Kwa hiyo "perplexed" kwangu ni kutatizika. Akili ya mtu ni nzima kabisa. Kinachomsumbua ni jambo lenyewe, na bado hajaacha kuvuta ncha.

"Muddled" ni jingine. Ndani yake mna "mud", tope. Ni maji yaliyokuwa yametulia, mtu akayatibua. Hapa tuna kuvuruga, kutibua, kukoroga. "Muddled thinking" ni mawazo yaliyovurugika, na kama ilivyo kwa maji ya tope, mara nyingi kinachohitajika ni kuyaacha yatulie. Waliotafsiri Biblia ya Union Version waliiona picha hii: kwenye habari ya mnara wa Babeli, pale Kiingereza cha 1611 kilipoandika "confound", wao walitumia kitenzi kuchafua, usemi ukachafuliwa. Nilisoma mstari ule miaka mingi bila kuutazama. Waliona lugha kama maji. Kuchanganya kungefaa pia, lakini wao wakachagua tope.

"Bewildered" inatoka msituni. Katikati mna "wild", pori, na lilipoingia Kiingereza karne ya 17 lilimaanisha kumpoteza mtu njia, kumwacha nyikani. Ndiyo maana hulikuti sana kwa mtu aliyekwama kwenye swali moja dogo. Utalikuta kwa mtu aliyezungukwa na mambo mengi mapya kwa wakati mmoja, kila upande ni mti, njia haionekani. Amefungua fomu ya kurasa thelathini, kila ukurasa unamrudisha ukurasa mwingine. Kwa huyu mimi huandika "hajui aanzie wapi", au "ameduwaa" kama amekwisha simama tu. Neno moja linalolingana kabisa silioni, na sioni ubaya kutumia maneno matatu.

"Puzzled" ni nyepesi kuliko zote hizo. Ni uso wa mtu aliyetegewa kitendawili, anakunja paji, anatafuta. Hana hofu. Ukimwandikia huyo "alichanganyikiwa" umemzamisha bure. "She gave me a puzzled look": alinitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili. Inatosha.

Yapo mengine mengi sikuyagusa. Karibuni tuyachambue, na pale nilipokosea nirekebisheni.

#2 Kamusi Mkononi

Mkuu, uzi mzuri, ila nikupinge kidogo. Hata Waingereza wenyewe wanatumia "confused" kwa kila kitu. Mtoto hajaelewa hesabu, "confused". Mgonjwa hajui alipo, "confused". Bajeti haieleweki, "confused". Kama wao wana gunia lao kwa nini sisi tusiwe na letu? Muktadha utasema. Ukianza kumpa msomaji kutatizika hapa, kuduwaa pale, kuvurugika kule, ndipo atakapochanganyikiwa kweli.

#3 Mleta uzi

Kamusi Mkononi, umesema kweli kwamba "confused" lao nalo ni pana. Hilo nalikubali. Tofauti iko kwenye kile msomaji anachokifikiria kwanza akilisikia peke yake. Mwingereza akiambiwa "he was confused" hafikirii mtu aliyerukwa na akili. Sisi tukisikia "yule kachanganyikiwa", bila maelezo zaidi, wengi tunafikiria hivyo. Gunia letu lina kitu kizito chini kuliko lao. Na orodha ya madhara ya dawa haina muktadha, ni neno na koma, neno na koma. Muktadha ungemsaidia mzee wangu angeupata wapi?

Halafu tazama mahali ambapo neno letu halifai hata kidogo. "Sorry, I confused you with someone else." Mtu yeyote anayeongea Kiswahili atasema: samahani, nimekufananisha. Hakuna mtu atakayesema nimekuchanganya na mtu mwingine kabla ya nimekufananisha. Neno lipo, la kila siku, linatoka lenyewe mdomoni. Lakini mfasiri akikaa mbele ya kompyuta analisahau, kwa sababu kamusi ya haraka kichwani mwake imeandika confuse = changanya. Ninachopigania ni tuandike kama tunavyosema.

#4 Mwalimu wa Jioni

Nafundisha Kiingereza watu wazima, na naomba niongeze jambo ambalo kwetu darasani ni la kila wiki. Mwanafunzi ananyanyua mkono anasema "Teacher, I am confusing." Anakusudia hajaelewa. Alichosema ni kwamba yeye ndiye anayewavuruga wengine.

Shina la kosa ni hivi. Kiingereza kinachukua kitenzi kimoja na kutengeneza sifa mbili. Yenye -ed ni ya anayeathirika, yenye -ing ni ya kinachosababisha. "The rule is confusing, so I am confused." Jamii yote inafuata mkondo huo: "puzzling" na "puzzled", "baffling" na "baffled", "bewildering" na "bewildered". Mwanafunzi anaona -ing anafikiri ni jambo linaloendelea sasa hivi, kama "I am eating". Kwake "I am confusing" ni "niko kwenye kuchanganyikiwa wakati huu". Ni kosa lenye akili ndani yake.

Huwa siwapi kanuni kwanza. Nawaandikia ubaoni: "Somo linatatanisha. Mimi nimetatizika." Nawauliza, je, unaweza kusema "mimi natatanisha"? Wanasema hapana, hiyo ni kama mimi ndiye mwenye matatizo. Basi nawaambia, hiyo ndiyo -ing. Kiswahili chao kimeshawafundisha, mimi naonyesha tu kwa kidole. Tangu nianze kufundisha kwa njia hiyo kosa halijaisha, lakini mwanafunzi akikosea anajisikia mwenyewe na kurudi.

Nimefurahi mleta uzi alivyoitenga "puzzled". Mwalimu anatakiwa kuitambua kwa macho. Watafiti Sidney D'Mello na Art Graesser wa Marekani wameandika sana juu ya hali ya kutatizika wakati wa kujifunza, na mwaka 2014 wao na wenzao walichapisha utafiti unaosema kutatizika kunaweza kumfaidi mwanafunzi, mradi apate nafasi ya kujinasua. Asipojinasua, kutatizika kunageuka hasira ya kukwama, na hasira ikikaa sana inageuka uchovu, mtu anakuwa kiwiliwili tu darasani. Uso wa kwanza na uso wa mwisho si uso mmoja, na ukiwaita wote "confused" utampa msaada yule asiyeuhitaji bado, na utamchelewesha yule anayezama.

#5 Fundi Takwimu

Mleta uzi, hiyo ya kufananisha imenifungua macho, maana imegusa kazi yangu.

Kwenye kufundisha kompyuta kutambua vitu kuna jedwali linaitwa "confusion matrix". Mistari ni majibu ya kweli, safu ni majibu ya programu. Tuseme programu inasoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Kwenye mstari wa 4 unaangalia: mara ngapi ilisema 4, mara ngapi ilisema 9. Zile za mshazari ndizo ilizopatia, zilizobaki pembeni ni makosa, na jedwali linakuonyesha si idadi ya makosa tu bali ni kipi kimechukuliwa kuwa kipi.

Nilikuwa naandaa maelezo kwa Kiswahili nikaandika "matriksi ya mkanganyiko". Msomaji wa kwanza akaniuliza: nani amekanganyika, programu au mimi? Nilikosa pa kushika. Sasa naona. Hakuna aliyekanganyika. Programu imeifananisha 4 na 9, kama mtu anavyomwita mwenzake barabarani kisha anasema samahani nimekufananisha. Je, niliite jedwali la kufananisha?

#6 Mleta uzi

Fundi, mfano wako ni safi kuliko wangu. Kwenye jina kuna shida ndogo: kufananisha pia ni kulinganisha vitu viwili kwa makusudi, kwa hiyo mtu akiona "jedwali la kufananisha" atafikiri umeweka sifa za 4 na 9 kando kwa kando. Mimi ningeacha jina la matriksi ya mkanganyiko kama lilivyo, kwa kuwa jina ni lebo, ila kwenye sentensi za maelezo nitumie kitenzi hicho: "programu iliifananisha 4 na 9 mara kadhaa." Msomaji akishapata sentensi hiyo lebo haimsumbui tena.

Karibu na hapo kuna "conflate", ambalo watu hulifanya pacha wa "confuse". Kilatini chake ni kupuliza pamoja, kama mafundi wanavyovuvia moto mpaka metali mbili zinayeyuka na kuwa kipande kimoja. Anayefananisha bado anajua kuna vitu viwili, amekosea tu hiki ni kipi. Aliye-"conflate" amevifanya kimoja, haoni tena kwamba vilikuwa viwili. Kwa mfano mtu anayezungumza juu ya elimu na vyeti kana kwamba ni kitu kimoja. Huyo huwezi kumwambia "umefananisha", unamwambia "umeyaunganisha mambo mawili ukayafanya moja".

#7 Msomaji wa Usiku

Naomba msaada kwenye mawili. "Nonplussed" nimelikuta kwenye riwaya mbili, moja inaonekana mtu kashtuka, nyingine mtu hajali kabisa. Na "bemused", je, ni kuchekeshwa?

#8 Mleta uzi

Hukukosea kusoma, dada au kaka. "Nonplussed" limepasuka vipande viwili.

Asili ni Kilatini "non plus", hakuna zaidi. Mtu amefika mwisho, hana la kuongeza wala la kufanya. Kiswahili kinalo hili karibu neno kwa neno: ameishiwa. Au kuemewa, ambalo wengi siku hizi wameliacha na linastahili kurudi. "He was nonplussed by the question": swali lile lilimwemea, hakuwa na la kusema. Lakini huko Marekani ya Kaskazini watu wengi wamelisikia lile "non" mwanzoni wakadhani ni kukanusha, kwamba mtu hakushtuka, hakujali. Matumizi hayo yameenea mpaka kamusi zimeyaandika. Kwa hiyo mfasiri hana budi kutazama mwandishi ni wa wapi, kisha kutazama mhusika anafanya nini baada ya neno hilo. Akiendelea kunywa chai yake kwa utulivu, ni ile ya pili. Mimi nikiandika Kiingereza silitumii kabisa, kwa sababu nusu ya wasomaji watanielewa kinyume.

"Bemused" halina kicheko ndani yake. Limejengwa juu ya "muse", kuzama kwenye mawazo. Ni mtu aliyezubaa kidogo, akili imeelea. Ila kwa kuwa linafanana na "amused" kwa sauti, watu wamelisogeza, na sasa linatumika pia kwa mtu anayetazama jambo la ajabu huku tabasamu dogo limemkaa mdomoni. Kamusi za sasa zinatoa maana zote mbili. Tafuta tabasamu kwenye sentensi za jirani, ukiliona litafsiri, usipoliona andika "alizubaa" uendelee.

Na nisilisahau "baffled", maana mwalimu amelitaja. Karne ya 16 "baffle" lilikuwa kumwaibisha hadharani askari wa farasi aliyevunja kiapo. Baadaye likawa kuzuia, kukwamisha juhudi za mtu. Hadi leo vibao vinavyowekwa ndani ya spika kuzuia sauti, au ndani ya ekzosi kuzuia moshi usipite moja kwa moja, vinaitwa "baffles". Ukishika picha hiyo ya kibao huwezi kukosea: aliye "baffled" amejaribu, amejaribu tena, kila akienda anakutana na kibao. Wapelelezi "are baffled": wamegonga mwamba. Hawajachanganyikiwa, wana akili zao timamu na majalada yao mezani, njia ndiyo imezibwa.

#9 Kalamu Nyekundu

Mmesahau kundi moja muhimu, la kuchanganywa kwa makusudi. "Bamboozle" ni kumzuga mtu. Jonathan Swift alilalamika juu ya neno hilo mwaka 1710, aliliona ni takataka mpya ya mtaani inayoharibu Kiingereza, na tazameni, limeishi miaka mia tatu zaidi. Kwetu kuna kuzuga, kughilibu, kupiga changa la macho. Halafu kuna "obfuscate", ambalo ndani yake mna neno la Kilatini la weusi: kulitia jambo giza. Mkataba ulioandikwa ili usieleweke haupaswi kuitwa "unaochanganya". Ukisema unachanganya umemsamehe aliyeandika, kama vile umetokea tu. Sema umetiwa giza. Mimi nahariri nyaraka, na hilo nitalisimamia daima: kama kuna mtu nyuma ya kutoelewa kwako, kitenzi kimwonyeshe.

#10 Nesi wa Zamu

Nimesoma tangu juu. Nataka kurudi kwenye karatasi ya dawa ya mleta uzi, maana hapo ndipo neno hili linapogusa uhai wa mtu.

Wodini "confusion" ni neno la kazi, tena lina uzito wake. Kuna kipimo cha ukali wa homa ya mapafu kinaitwa CURB-65, kina mambo matano, kila moja alama moja. Hiyo C ya mwanzo ni "confusion". Kwa hiyo neno mnalolijadili hapa linaweza kuwa sababu ya mgonjwa kulazwa badala ya kurudishwa nyumbani.

Tunalipima kwa kuuliza. Jina lako nani? Hapa tulipo ni wapi? Leo ni siku gani, mwaka gani? Anayejibu sawasawa tunaandika "oriented". Neno hilo asili yake ni mashariki, kule jua linakochomoza, na "disoriented" ni mtu aliyepoteza mashariki yake. Nimeona mgonjwa mwalimu mstaafu anajibu kwa Kiswahili fasaha, sentensi zimenyooka, lakini anaamini yuko shuleni na mimi ni mwanafunzi niliyechelewa. Hakuwa na fujo yoyote. Ukimsikiliza juu juu hutajua.

Hali hiyo ikija ghafla, kwa saa au siku chache, ikawa inapanda na kushuka, na mtu hawezi kushikilia akili yake kwenye jambo moja, tunafikiria "delirium". Mnapenda picha za maneno, basi pokeeni hii: kwa Kilatini ni plau iliyotoka nje ya mfuo wake. Ng'ombe ni wale wale, jembe ni lile lile, mstari ndio umeachwa. Na ukitibu kisababishi, maambukizi, upungufu wa maji, au dawa yenyewe, wengi wanarudi kwenye mstari. Ule usahaulifu wa uzeeni unaoingia polepole kwa miezi na miaka, "dementia", ni habari nyingine. Zote mbili ndugu wanatuletea kwa maneno yale yale, "mama amechanganyikiwa", na swali langu la kwanza siku zote ni: tangu lini? Wakijibu tangu jana usiku, tunakimbia.

#11 Mleta uzi

Dada Nesi, ahsante sana. Nimeifungua ile kazi tena, haijachapwa. Nimeandika hivi, naomba uipime:

"Unaweza kwa muda kushindwa kutambua mahali ulipo, siku au saa, au kushindwa kufuata mazungumzo. Hali hii si wazimu."

#12 Nesi wa Zamu

Sentensi ya kwanza iko vizuri. Ya pili iondoe. Asiyekuwa amefikiria wazimu umemfikirisha, na anayeishi na ugonjwa wa akili umemwumiza bila sababu. Ukishaeleza hali yenyewe kama ulivyoeleza, wazimu haumo tena, huhitaji kuukanusha.

Kuna kubwa zaidi. Umeandika "unaweza kushindwa kutambua". Mtu aliyepoteza fahamu ya mahali alipo hajui kwamba amepoteza. Yule mwalimu mstaafu hakuwa na shaka hata kidogo kwamba yuko shuleni. Karatasi inazungumza na mtu ambaye saa hiyo ndiye asiyeweza kuisoma. Mwandikie na anayekaa naye. Na uweke la kufanya.

#13 Mleta uzi

Hilo la anayekaa naye halikunijia kabisa, na halimo hata kwenye Kiingereza chake. Niliwaandikia wenye kazi kuomba ruhusa ya kuongeza, wamekubali. Hii ndiyo iliyokwenda:

"Mtumiaji anaweza ghafla kushindwa kutambua mahali alipo, siku au saa, au kushindwa kufuata mazungumzo. Huenda mwenyewe asijue. Unayekaa naye ukiona hivyo, wasiliana na mhudumu wa afya mara moja."

Jana jioni nilirudi kwa mzee nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, safari hii hakuweka mkono juu ya karatasi. Akaniambia nisubiri, akageuka akamwita binti yake aliyekuwa chumba cha pili. Alipokuja akamwonyesha kiti, kisha akaniambia: "Msomee na huyu. Ndiye anayekaa na mimi."

Nikasoma tena tangu juu.